Meli Zilizogeuka Manowari: Habari za Vita vya Maziwani katika Magazeti, 1914–1916

Tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Kiingereza iliyoitwa Guendolen ilitokea mbele ya bandari ndogo ya Sphinxhafen, katika ufuko wa mashariki wa Ziwa Nyasa, mahali panapojulikana sasa kwa jina la Liuli. Hapo palikuwa na meli ya Kijerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imevutwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa Guendolen, Rhoades, akaamuru mzinga ufyatuliwe. Inasimuliwa kwamba nahodha Mjerumani, Berndt, aliyekuwa rafiki wa Rhoades kwa muda mrefu, alipanda mashua akamwendea kwa hasira ili amkaripie kwa kitendo hicho cha wazimu. Berndt hakujua kwamba Uingereza na Ujerumani zilikuwa vitani tangu tarehe 4 ya mwezi ule. Alipopashwa habari hiyo alikuwa mateka tayari.

Gazeti la The Times la London linakumbukwa kwa kichwa cha habari kilichotangaza tukio hilo kuwa ni ushindi wa jeshi la majini katika Ziwa Nyasa. Tangu siku hizo kisa cha Rhoades na Berndt kimerudiwa mara nyingi katika vitabu vya Wazungu, aghalabu kwa kicheko: manahodha wawili waliozoea kunywa pamoja, meli moja iliyokuwa juu ya magogo, na gazeti kubwa linaloshangilia kana kwamba manowari mia zimezamishwa. Hata hivyo, kicheko hicho kinaficha jambo la maana zaidi. Siku ile nguvu ya silaha haikuamua lolote, kwani meli iliyopigwa haikuweza hata kuelea. Aliyeshinda ni yule aliyetangulia kupata habari.

Vita vya maziwani vya miaka 1914 hadi 1916, yaani vita vya Ziwa Nyasa, Ziwa Viktoria na Ziwa Tanganyika, vimeandikwa na wanahistoria wa kijeshi kama sura ndogo ya vita vikubwa. Lakini mtafiti wa lugha ana sababu yake ya kuvirudia. Katika vita hivyo habari ilikuwa silaha kabla haijawa andiko, na ilipokuwa andiko, ilivaa msamiati uliotoka mbali na maziwa yenyewe. Wale waliojua zaidi kilichotokea, yaani wavuvi, wapagazi, makuli na askari wa pwani zote mbili za kila ziwa, walikuwa chimbuko la habari, lakini hawakuwa waandishi wala wasomaji wake. Basi swali linalofaa kuulizwa ni hili: gazeti la wakati wa vita ni ushahidi wa jambo gani? Ni ushahidi wa yale yaliyotokea majini, au ni ushahidi wa umbali uliokuwapo kati ya maji hayo na meza ya mhariri?

Njia za habari

Kabla ya kuyapima maneno ya gazeti, yafaa kwanza kuzitazama njia zilizopitisha habari. Mwaka 1914 Waingereza ndio waliokuwa na uwezo mkubwa juu ya nyaya za simu zilizolazwa chini ya bahari. Ujerumani ilitegemea mitambo ya simu isiyo na waya kwa mawasiliano ya koloni lake la Afrika ya Mashariki na dunia ya nje. Mtambo wa Dar es Salaam uliharibika tarehe 8 Agosti 1914, siku manowari ya Kiingereza Astraea ilipoushambulia mji. Mitambo iliyobaki ilikuwa Mwanza na Bukoba, yote miwili kandokando ya Ziwa Viktoria. Kwa hiyo maziwa, ambayo katika ramani ya Ulaya yalionekana kuwa pembe ya mwisho ya dunia, yaligeuka kuwa sikio la koloni zima.

Hali hii ndiyo inayoeleza shambulio la Bukoba la tarehe 22 na 23 Juni 1915. Majeshi yaliyoongozwa na Jenerali Stewart yaliondoka Kisumu kwa meli za ziwani, yakashuka karibu na Bukoba, yakapigana siku mbili, na yakaubomoa mtambo ule wa simu kabla ya kurudi yalikotoka. Miongoni mwa askari waliokwenda alikuwako Frederick Selous, mwindaji aliyekuwa na umri wa miaka 63, ambaye jina lake lilijulikana sana kwa wasomaji wa Uingereza kutokana na vitabu vyake. Msafara wa Bukoba haukuiteka nchi wala haukubakiza kikosi. Shabaha yake ilikuwa kunyamazisha chombo cha habari. Vita vya Ziwa Viktoria, kwa maana hiyo, vilikuwa kwa sehemu kubwa vita vya nani asikie na nani asisikie.

Magazeti yenyewe hayakuwa huru. Huko Uingereza sheria ya ulinzi wa dola ilipitishwa tarehe 8 Agosti 1914, na katika mwezi huohuo serikali ikaunda ofisi ya kuchuja habari za vita. Katika makoloni, magazeti ya walowezi yalitegemea taarifa za maofisa. Huko Nairobi lilikuwako East African Standard, gazeti lililoanzishwa Mombasa mwaka 1902 na mfanyabiashara Jeevanjee kabla halijauzwa kwa Wazungu na kuhamia Nairobi. Upande wa Wajerumani lilikuwako Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1899, likahamishiwa Morogoro wakati wa vita, na likakoma mwaka 1916. Habari ya ziwani ilipaswa kutoka kinywani mwa mtu aliyeona, ikaingia katika ripoti ya ofisa, ikapita mbele ya mchujaji, ndipo ifike kwa mhariri. Katika kila kituo kitu fulani kiliondolewa, na aghalabu kilichoondolewa kwanza kilikuwa jina la Mwafrika.

Lugha ya bahari juu ya maji ya ziwa

Jambo la pili ni msamiati. Mwandishi wa gazeti la Ulaya alikuwa na lugha iliyokwisha kupikwa tayari kwa ajili ya vita vya majini: kikosi, utawala wa maji, mapambano, ushindi. Lugha hiyo ilizaliwa katika bahari kuu, ambako mataifa yalipimana nguvu kwa idadi ya manowari. Tarehe 31 Mei 1916, katika mapigano ya Jutland, meli zipatazo 250 zilikutana katika Bahari ya Kaskazini. Katika Ziwa Tanganyika, miezi mitano kabla ya hapo, mashua mbili za Kiingereza zenye urefu wa futi 40 kila moja zilikuwa zimekabiliana na chombo kimoja cha Kijerumani chenye uzito wa tani zipatazo 45. Msamiati ni uleule katika habari zote mbili. Msomaji wa London aliyesoma neno ‘ushindi’ hakuwa na njia ya kuona tofauti ya vipimo, isipokuwa awe na ramani mkononi na subira kichwani.

Lakini haitoshi kusema kwamba magazeti yalikuza mambo. Maziwa hayakuwa madogo, na matokeo hayakuwa madogo. Aliyetawala Ziwa Tanganyika aliweza kusafirisha askari na chakula kutoka kaskazini hadi kusini kwa siku chache, ambapo adui yake alilazimika kwenda kwa miguu kwa wiki nyingi. Kosa la lugha ya bahari lilikuwa kwamba ilionyesha meli na ikaficha nchi kavu. Katika bahari kuu meli ya vita hutoka bandarini ikiwa kamili. Katika maziwa ya Afrika, karibu kila chombo kilifika vipande vipande, kimebebwa na reli, na mahali reli ilipokwisha kikabebwa na watu. Vita vya maziwani vilianza mabegani mwa wapagazi, na gazeti lilivianzia mdomoni mwa mzinga.

Hapa Kiswahili kina ushuhuda wake. Neno ‘meli’ linatokana na neno la Kiingereza lenye maana ya barua za posta. Wenyeji wa pwani waliiita hivyo stima iliyoleta barua, kisha jina likaenea kwa kila chombo cha aina yake. Neno ‘manowari’ nalo lilichukuliwa kutoka kwa mabaharia wa Kiingereza waliokuwa wakizunguka katika mwambao katika karne ya 19, na Wazanzibari walilijua kwa uchungu tarehe 27 Agosti 1896, manowari zilipolipiga jumba la Sultani. Neno ‘mzinga’ ni la kale zaidi: gogo lililochongwa likawa wazi ndani ili nyuki wakae, kisha, kwa kufanana kwa umbo, silaha ya kupigia kutoka mbali. Maneno haya matatu yanatenga mambo ambayo gazeti la Kizungu liliyachanganya. Meli huleta habari na bidhaa, na manowari huleta mauti.

Isipokuwa Guendolen na Hermann von Wissmann, ambazo tangu mwanzo zilihusika na ulinzi wa dola zao, vyombo vingi vilivyopigana katika maziwa vilikuwa meli kwa maana ya asili. Katika Ziwa Viktoria, Sybil, Winifred, Kavirondo na Usoga zilikuwa zikichukua abiria na mizigo kwa ajili ya reli iliyofika Kisumu mwaka 1901. Upande wa Mwanza Wajerumani walikuwa na mashua ya kuvutia vyombo, Muansa, waliyoitia mzinga mdogo. Mnamo Novemba 1914 Sybil ilipanda mwamba katika pwani ya Wajerumani, na ilichukua miezi mingi kabla haijaokolewa. Mnamo Machi 1915 Winifred iliifukuza Muansa hadi ikapanda pwani. Kwa mkulima wa pamba au mchuuzi wa samaki, mabadiliko hayo yalikuwa na maana moja iliyo wazi: chombo kilichokuwa kikichukua mzigo wake sasa kilichukua askari. Hiyo nayo ilikuwa habari ya vita.

Ziwa Tanganyika: vita vya kutokujua

Ziwa Tanganyika ndilo lililotoa kisa kirefu kuliko vyote, na ndilo linaloonyesha dhahiri zaidi nafasi ya habari. Tarehe 22 Agosti 1914 meli ya Kijerumani Hedwig von Wissmann iliishambulia meli ya Kibelgiji Alexandre Delcommune huko Lukuga, mahali ambapo baadaye palijengwa mji wa Albertville, yaani Kalemie. Kabla ya hapo kulikuwa na hoja kwamba nchi za bonde la Kongo zingeweza kubaki nje ya vita kwa mujibu wa Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885. Mizinga ya Hedwig iliimaliza hoja hiyo. Kufikia mwisho wa mwaka Wajerumani walikuwa wamekwisha kuviharibu vyombo vya Waingereza pia, Good News na Cecil Rhodes, na ziwa likawa mikononi mwao.

Mwaka 1915 nguvu yao iliongezeka. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilikuwa imefika Kigoma mapema mwaka 1914, na kwa reli hiyo ikaletwa meli kubwa, Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg huko Ujerumani, ikafunguliwa vipande na kutiwa katika masanduku yapatayo 5,000. Mafundi watatu wa Kijerumani, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, waliiunga tena Kigoma wakiwa na mafundi Wahindi na vibarua wengi wa Kiafrika. Iliteremshwa majini tarehe 5 Februari 1915, na mwezi Juni ikaanza kazi. Ilikuwa na urefu wa mita zipatazo 71. Baada ya manowari Königsberg kuangamizwa katika delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915, mzinga wake mmoja wa sentimita 10.5 ulifikishwa Kigoma na kufungwa katika meli hiyo. Majina ya mafundi watatu yamehifadhiwa. Majina ya wale waliogongomea misumari ya chuma pamoja nao hayamo katika simulizi lolote linalorudiwa.

Waingereza nao walijibu kwa siri. Mwindaji mmoja, John R. Lee, alikwenda London akapendekeza kwamba mashua za injini zipelekwe ziwani kwa kupitia Afrika ya Kusini na Kongo. Pendekezo likakubaliwa, na uongozi akapewa Spicer-Simson. Mashua mbili, Mimi na Toutou, ziliondoka Uingereza mwezi Juni 1915, zikafika Cape Town, zikapanda reli hadi Elisabethville, yaani Lubumbashi, na zaidi hadi Fungurume. Kutoka hapo hapakuwa na reli. Zilivutwa kwa magari ya mvuke na kwa maksai kuvuka milima ya Mitumba, ambako vibarua walikuwa wamekata njia na kujenga madaraja zaidi ya 100. Maji ya kunywesha injini za mvuke yalipokosekana, wanawake wa vijiji vya jirani walichota maji na kuyabeba vichwani kwa mwendo mrefu. Kisha zikaja reli nyingine, mto Lualaba na reli ya mwisho, hadi mashua zikafika pwani ya ziwa mwishoni mwa Oktoba.

Tarehe 26 Desemba 1915 chombo cha Kijerumani Kingani kilipita mbele ya Lukuga kikipeleleza. Mimi na Toutou zikakifuata. Mapigano yalidumu kwa dakika chache tu, kamanda wa Kingani akauawa, na chombo kikatekwa na kupewa jina jipya, Fifi. Watu waliokuwa juu ya majabali ya pwani walitazama tangu mwanzo hadi mwisho. Huko Kigoma, ng’ambo ya pili, Wajerumani walingoja na Kingani hakikurudi. Hawakujua kama kimezama kwa tufani, kama kimepigwa na mizinga ya nchi kavu, au kama adui amepata vyombo vipya. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikaja karibu na pwani ya Kongo katika kazi ya upelelezi, ikakutana na adui ambaye haikuwa na habari naye, na ikazamishwa.

Ni kisa cha Berndt kilekile kilichorudi kwa sura nyingine. Na hakikuishia hapo. Graf von Götzen ilibaki ikiogopwa, na Spicer-Simson hakutaka kupambana nayo. Lakini katika mwaka huo wa 1916 mzinga wake mkubwa uliondolewa kwa ajili ya mapigano ya nchi kavu, na mahali pake, kama wanahistoria wanavyoeleza, ukawekwa mzinga wa kuigiza uliotengenezwa kwa mbao. Kwa muda fulani, basi, ziwa zima lilitawaliwa na gogo, na neno ‘mzinga’ likarudi kwenye asili yake. Mnamo Juni 1916 ndege za Wabelgiji zilidondosha mabomu Kigoma. Tarehe 26 Julai 1916, reli ilipokuwa karibu kutekwa, Wajerumani waliizamisha meli hiyo kwa mikono yao wenyewe, baada ya mafundi kuzipaka injini grisi nyingi ili zisiharibike majini.

Je, magazeti yaliyasema haya? Safari ya Mimi na Toutou ilikuwa siri, na chini ya uchujaji wa siku zile habari iliyoweza kupita ni ya matokeo, si ya njia. Simulizi kamili lilikuja baadaye. Frank Magee, mmoja wa wanamaji wa msafara ule, aliandika makala marefu yaliyotolewa na jarida la Marekani National Geographic mnamo Oktoba 1922. Mwaka 1935 C. S. Forester akatoa riwaya yake The African Queen, na filamu yake ikatoka mwaka 1951. Hivyo kisa kilipita kutoka kimya cha vita hadi hadithi ya ushujaa bila ya kusimama kwa muda wa kutosha katika uwanja wa habari. Milima ya Mitumba ikawa pazia la nyuma ya jukwaa, na waliobeba maji wakawa sehemu ya mandhari.

Magazeti ya Kiswahili na mwaka wa kimya

Mtu aweza kudhani kwamba pengo hili lingezibwa na magazeti ya Kiswahili. Kwa hakika, vita vilipoanza, uandishi wa magazeti katika Kiswahili haukuwa jambo geni. Msimulizi lilitolewa Zanzibar tangu mwaka 1888, na Habari ya Mwezi likafuata huko Magila. Katika koloni la Wajerumani lilikuwako Kiongozi, lililotolewa na shule ya serikali ya Tanga tangu mwaka 1904, na mwaka 1910 yakazaliwa mengine mawili, Rafiki Yangu la Wakatoliki na Pwani na Bara la Walutheri. Wasomaji wake walikuwa walimu, makarani na maakida, na wengi wao waliandika pia: barua kutoka miji ya bara zilichapishwa, zikieleza mvua, bei, safari, vifo na mambo ya shule. Mtandao wa waandishi uliofika hadi maziwani ulikuwapo. Upande wa Uganda nako, Ebifa mu Buganda lilikuwa likitolewa kwa Kiganda tangu mwaka 1907, na Munno tangu 1911.

Haifai kuyatukuza magazeti haya kupita kiasi. Yalikuwa mali ya serikali au ya misheni, na mwandishi Mwafrika alijua mipaka ya uhuru wake. Mtu aliyemtegemea mkoloni kwa mshahara hangetarajiwa kuandika kwamba meli ya mkoloni huyo imetekwa. Hata hivyo palikuwa na jambo moja ambalo magazeti ya walowezi hayakuwa nalo: desturi ya kumtaja mtu wa mahali kwa jina lake, na kuuhesabu mji wake kuwa chimbuko la habari inayostahili kuchapishwa. Desturi hiyo ilikuwa na mizizi mirefu kuliko gazeti. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy aliviandika kwa utenzi vita vya Wajerumani vya kuutwaa Mrima, na Abdul Karim bin Jamaliddini akaviandika vita vya Maji Maji. Kwa Waswahili, kuripoti vita lilikuwa jambo la heshima, lenye mtu anayelijibia.

Lakini mwaka 1916 ndio uliovunja mtandao ule. Mnamo Julai Tanga, Mwanza na Kigoma ziliingia mikononi mwa majeshi ya Uingereza na Ubelgiji. Mnamo Septemba Dar es Salaam na Tabora zikafuata. Kabla ya mwaka huo kwisha, Kiongozi, Rafiki Yangu na Pwani na Bara yote yalikuwa yamekoma. Kwa hiyo mwisho wa vita vya maziwani uliangukia katika majira yaleyale ambayo magazeti ya Kiswahili ya koloni hilo yalikuwa yakizimika. Graf von Götzen ilizama mbele ya mji ambao wakazi wake walizungumza Kiswahili, jirani ya Ujiji, mji mkongwe wa biashara wa Waswahili wa bara, na ng’ambo ya ziwa Kiswahili kilikuwa lugha ya mawasiliano vilevile. Gazeti la serikali lililokuja kuijaza nafasi hiyo, Mambo Leo, halikuanza hadi Januari 1923, na lilianza chini ya bendera nyingine.

Habari zisizochapwa

Kutokuwako kwa gazeti si kutokuwako kwa habari. Yako mabaki ya habari hizo, ila hayana budi kutafutwa mahali ambapo mwanahistoria wa kijeshi hapatazami. Mfano mmoja umo katika vitabu vya Wazungu wenyewe. Vinasema kwamba wenyeji wa Lukuga walimpa Spicer-Simson, aliyependa kuvaa vazi la mfano wa marinda, jina ambalo waandishi hao waliliandika ‘Bwana Chifunga-tumbo’. Kama lilinakiliwa sawasawa, umbo la ‘chi’ badala ya ‘ki’ lina ladha ya usemi wa mahali, na maana yake yajieleza yenyewe. Magazeti ya Ulaya yalimwona shujaa wa jeshi la majini, na watu wa Lukuga wakamwona mtu aliyejifunga nguo tumboni. Jina la utani, katika jamii isiyo na gazeti, hufanya kazi ya tahariri.

Mfano wa pili ni mkubwa na wa huzuni. Wanahistoria hukadiria kwamba wapagazi wa upande wa Waingereza waliokufa katika vita vya Afrika ya Mashariki ni zaidi ya 95,000, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Katika magazeti ya wakati huo hawakuwa na kichwa cha habari. Lakini jina la kikosi chao cha Kiingereza liliingia vinywani mwa watu, likabadilika sauti kulingana na Kiswahili, na likakaa katika miji: Kariakoo ya Dar es Salaam, na Kariokor ya Nairobi. Hakuna mhariri aliyeamua neno hilo lidumu. Lilidumu kwa kuwa waliolitamka walijua ni kina nani walioondoka na ni wangapi waliorudi. Mtu anayekwenda sokoni Kariakoo hupita juu ya taarifa ambayo haikuchapwa.

Kwa mtafiti, funzo la mifano hii ni la kiutendaji. Gazeti la wakati wa vita halifai kutupwa kwa sababu limetia chumvi, wala halifai kuaminiwa kwa sababu lina tarehe. Lisomwe pamoja na njia iliyolifikisha: nani alijua, siku gani, kwa chombo gani, na kwa idhini ya nani. Maneno yake yapimwe kwa ukubwa wa vitu vinavyotajwa. Na kando yake ziwekwe kumbukumbu za lugha za wenyeji, yaani majina ya watu, majina ya mahali, methali na masimulizi ya wazee yaliyokusanywa katika pwani za maziwa. Kazi hiyo ya mwisho haiwezi kufanywa na mtu asiyejua lugha hizo, na kwa hiyo ni deni la idara za lugha kabla ya kuwa deni la idara za historia.

Meli ya Graf von Götzen haikubaki chini ya maji. Iliinuliwa mwaka 1924, na kwa sababu ya grisi ile injini zake zilikuwa bado zinafaa. Tarehe 16 Mei 1927 ilirudi katika kazi ikiwa na jina la Liemba, ambalo ni jina la kale la ziwa hilo, lililosikiwa na Livingstone kwa wakazi wa kusini mwake. Kwa miongo mingi baadaye ilichukua abiria, magunia ya mahindi, dagaa na barua kati ya Kigoma na Mpulungu. Wasafiri wake hawakuiita manowari. Waliiita meli, kama ambavyo ingeitwa tangu siku ya kwanza iliposhushwa majini, lau waliouchukua mzigo wake kutoka kwenye mabehewa ndio wangeulizwa jina.